Aliyemtafuta Mkewe kwa Kifaransa

Chai ilikuwa bado haijachemka simu ilipolia, na sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya ziwa ikaniambia kwamba mumewe, yule mwalimu wa chumba cha kompyuta cha Mwanga, hatunaye tena. Nikauliza kama tulivyozoea kuuliza: ilikuwaje? Akasema haikuwa kitu. Alikula ugali na samaki, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaenda kulala, na asubuhi hakuamka. Alikuwa nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, mke pembeni, wanawe wawili chumba cha pili na wajukuu wametapakaa sebuleni. Wasomaji wangu mtanisamehe, lakini jambo la kwanza nililofanya halikuwa kulia. Nilishusha pumzi. Sisi tuliokaa Kigoma miaka ile ya ukimbizi tulipokea habari za vifo vya kila namna, vya risasi, vya maji, vya kipindupindu, vya watu ambao hakuna aliyejua walizikwa wapi wala kama walizikwa, na bwana huyu alikuwa na kila sababu ya kufa vibaya, au kufa peke yake. Kusikia kwamba ugomvi wake wa mwisho duniani ulikuwa juu ya chumvi kulinituliza moyo. Nilimpa mjane pole, akaipokea, kisha tukacheka kidogo, kwa sababu kumzungumzia mtu yule bila kucheka ni kazi ngumu.

Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Mimi nilikuwa mteja wake tu. Wakati ule nilikuwa nikiandikia gazeti kutoka Kigoma, na makala zangu zilikuwa zikisafiri kwa treni, zikifika mezani kwa mhariri habari imekwisha kupoa. Kisha kanisa moja likafungua chumba cha kompyuta nyuma ya vibanda vya mafundi cherehani pale Mwanga, na humo ndani wakamweka yeye. Upande wa pili wa ziwa alikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali moja tu ya maana, lakini iliyopigwa pasi hadi ukaiogopa, na mwenye maneno mengi kuliko wote waliovuka maji mwaka ule. Kompyuta zilikuwa kuukuu, msaada wa watu waliokuwa wamekwisha kuzichoka, na laini ya simu ilikuwa ya kusuasua. Ulikuwa unafungua ukurasa wenye picha, unatoka kwenda sokoni kununua samaki wa migebuka, unarudi, unakuta mashine imekuletea paji la uso la waziri na unyusi mmoja. Macho ungeyapata kesho.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuvumilia upuuzi huo. Bila kuuliza mtu, aliweka kwenye mashine zote kivinjari cha maandishi matupu, kisicho na picha, kisichohitaji hata kipanya. Unatembea kwa vishale vya kibodi, juu na chini, unaingia na kutoka. Na kivinjari kile kilikuwa na ukurasa wake wa mapendeleo, ambao ulifunguka kwa kubonyeza herufi moja tu: humo ulichagua rangi ya maandishi, aina ya herufi zitakazoonekana, na lugha ambayo ungependa kurasa zije nayo. Wateja wengi hawakuufungua ukurasa huo maisha yao yote. Yeye aliishi humo. Nilipomwambia macho yangu yanauma, alinigeuzia kioo kikawa cheusi na maandishi ya njano, akasimama nyuma yangu kusubiri nimsifu. Kurasa za Kifaransa zilipokuja zimejaa alama za kuuliza mahali pa zile herufi zinazovaa vikofia, alishinda kutwa nzima akibadilisha jamii moja ya herufi baada ya nyingine, mpaka vikofia vikarudi vichwani. Siku hiyo alitoka nje akawapa mkono mafundi cherehani wote, mmoja mmoja, nao wakampongeza bila kujua wanampongezea nini.

Vijana wa mpira ndio waliomsumbua. Walikuja Jumatatu kutaka matokeo ya Ulaya, na maandishi matupu hayakuwatosha. "Mwalimu, tuwekee picha bwana, tuone goli," walimwambia. Naye aliwajibu kwa ile sauti ya darasani, kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo: "Goli limeingia ao halikuingia? Imeandikwa hapo, moja kwa sifuri. Sasa unataka kuona nini? Magoti?" Walicheka, wakasoma, wakaondoka. Alijivunia sana kuzima picha. Alisema picha ni anasa ya watu wenye laini ya simu nzuri, na kwamba mtu mwenye akili hakosi kitu cha maana akiwa na maneno. Kumbukeni hapo, maana nitaparudia.

Nyuma ya maneno yote hayo palikuwa na jambo moja. Siku walipokimbia, walifika ufukweni kukiwa na fujo na mitumbwi ya injini ikijaa haraka. Mkewe alivua viatu ili aingie majini, akampa mumewe avitie kwenye mfuko, akapanda mtumbwi mmoja na watoto wao wawili. Yeye akasukumwa kwenye mwingine pamoja na mizigo. Mtumbwi wake ulifika Kibirizi, ufukwe wa upande wetu. Wa mkewe haukufika. Kwa hiyo huku Kigoma, katika chumba alichokaribishwa na ndugu zake wa Kasingirima, alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko viatu vyekundu vya kike vya kisigino kifupi. Kila asubuhi, kabla ya kumfungulia mteja yeyote mlango, alifungua tovuti ya redio moja ya nje iliyokuwa ikitangaza kwa lugha nyingi za Afrika, na ambayo ilikuwa na sehemu ya watu waliopotezana vitani kutafutana. Redioni zilisomwa salamu chache tu, nyingine zote ziliwekwa kwenye tovuti. Alisoma zote kwa Kifaransa, kuanzia juu hadi chini. Akimaliza, ndipo alipofungua mlango na kuanza kelele zake.

Ikaendelea hivyo hadi ndugu zake wakachoka kumwangalia. Wakamwambia mke na watoto wamechukuliwa na maji, akubali, aweke matanga, watu wampe pole, na maisha yaendelee. Walikuwa na huruma, sitawasema vibaya. Mtu asiyelia msiba wake hapumziki, na hata anayetaka kumwoza upya hajui aanzie wapi. Alikataa, akakataa, hatimaye akakubali. Ikapangwa Jumapili. Aliponialika alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza neno. Nilitoka pale nimekasirika, ingawa sikujua nimemkasirikia nani.

Sasa, mawese ya matanga yaliagizwa kwa shangazi yangu wa Simbo, ambaye alikuwa akikamua na kuuza pale sokoni Mwanga. Shangazi yangu huyo hakuwa na hekima ya kupita kiasi, ila alikuwa na umbea uliokomaa. Ijumaa alikuja na dumu lake, akanikuta nimekaa kwenye mashine nikiandika, na mwalimu yuko pembeni yangu akiangalia kioo chake. Walisalimiana, mwalimu akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akatua dumu na kujipangusa mikono.

"Wewe ndiye mfiwa?"

"Ni miye, mama."

"Pole, mwanangu. Mwili mliupata wapi?"

Nilikohoa. Hakunitazama.

"Hapana mwili, mama. Ni maji."

"Na nani aliyaona maji yakimchukua?"

"Hapana mutu aliona."

"Mawe we!" akamaka. "Mlimtafuta lakini?"

"Kila siku, mama. Humu." Akagonga kioo kwa kidole.

Shangazi aliinama, akakunja uso, akasoma, akashindwa. Nako kushindwa kusoma kulimuudhi, kwa sababu cheti chake cha elimu ya watu wazima kilikuwa kimetundikwa ukutani kwake kwenye fremu. "Mbona maneno haya hayasomeki? Mimi Kiswahili nasoma mpaka Biblia."

"Ni Kifaransa, mama."

"Kwani mkeo ni Mfaransa?"

"Hapana, mama! Ni mutu wa kwetu. Alikuwa anauzisha ndagala sokoni."

"Huyo muuza dagaa anaandika Kifaransa?"

"Hapana. Kifaransa anasikia kidogo. Anaandika Kiswahili."

"Sasa mbona unamtafuta kwa Kifaransa?"

Mwalimu akajitetea kwamba mambo ya mtandao ni ya Kifaransa na Kiingereza, Kiswahili bado hakijafika huko. Lakini huku akijitetea, kidole chake kilikwisha kubonyeza ile herufi ya mapendeleo. Kwenye mstari wa lugha palikuwa na vifupisho viwili, vyote vya herufi mbili mbili: *fr* mbele, *en* nyuma. Nikaona namna alivyofikiri, na mimi ningefikiri hivyo hivyo: Mfaransa kaanza na herufi mbili za jina la lugha yake, Mwingereza kafanya vilevile, basi na sisi tutumie herufi mbili za kwanza za jina la lugha yetu. Akafuta *fr*, akaandika *ki*. Kiswahili. Akakubali mabadiliko, akaomba ukurasa ule upya.

Ukaja kwa Kiingereza.

"Umeona, mama," alisema. "Hakimo." Na nilimwona usoni ametulia, utulivu ambao sikuupenda hata kidogo. Alikuwa ametua mzigo wa kutumaini, na Jumapili ingeendelea kama ilivyopangwa.

Shangazi hakuwa amekuja mjini kushindwa na mashine. "Na Kiha kimo?"

"Kiha nacho kinaanza na *ki*, mama. Imekwisha kukataa."

"Basi hiyo *ki* itoe. Sisi ni Waha. Andika *ha*."

Aliandika kwa adabu tu, kwa sababu mtu mzima amesema. Ukurasa ulianza kuteremka mstari kwa mstari, maandishi ya njano kwenye weusi, na hakikuwa Kiingereza, wala Kifaransa, wala lugha yoyote tuliyoijua pale ndani. Shangazi alipiga kigelegele, akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti: "La-ba-rai..." Akasita. Akajaribu mstari wa pili, nao ukamshinda. "Hiki si Kiha cha Simbo," alitamka mwisho. "Hiki kitakuwa cha Kasulu."

Mimi nilikuwa nimeona jina la mji wa Kano katikati ya maneno yale, nikaelewa. Kilikuwa Kihausa. Tulicheka mpaka mafundi wakaacha cherehani na kuja dirishani, na mwalimu alicheka kuliko wote, mikono tumboni, machozi yanamtoka, na nadhani machozi yale yalikuwa yametafuta njia siku nyingi. Kisha akaacha kucheka katikati ya kicheko.

"Imetoa *ki*," alisema.

"Nani?"

"Masini hii." Akagonga kioo. "Kihausa. Imetoa *ki*, imebakisha *ha*." Akawa anafuta na kuandika huku midomo inamcheza. "Hawajui hiyo *ki* yetu. Wao wanaanzia mbele."

Akaandika *sw*. Laini ya simu, kama ilivyo tabia yake mtu akiwa na shida, ilikata. Akapiga upya. Ile sauti ya mashine ikitafuta mwenzake kwenye waya, ambayo vijana wa leo hawaijui, sijawahi kuisikiliza kwa makini namna ile. Ukurasa ukaanza kuteremka. Karibu. Habari za leo. Matangazo. Wanaotafutana. Akaingia humo, na kwa kuwa kivinjari kile kilikuwa na njia ya kutafuta neno ndani ya ukurasa, akaandika jina lake yeye mwenyewe. Mashine ikaruka mistari mingi, ikasimama. Tangazo lilikuwa limekaa pale miezi na miezi. Lilitoka bandari ya Mpulungu, upande wa Zambia, mwisho kabisa wa ziwa, na chini ya jina lake palikuwa na maneno haya: *Miye niko Mpulungu na batoto wote wawili. Tuko wazima. Viatu vyangu ni wewe ulibeba. Usiuzishe.*

Mwalimu alilisoma kimya, kisha akasoma neno la mwisho kwa sauti. "Usiuzishe." Alilirudia kwa kulionja. Sisi wa upande huu tungesema usiviuze. Neno lile lilikuwa limetoka kwao moja kwa moja, na mdomo uliolisema alikuwa anaujua. "Ni yeye," alisema. "Hapana mwingine anaweza kufikiri viatu siku kama ile." Akakaa sakafuni na suruali yake ya pasi, na hakuinuka haraka. Shangazi alimwekea mkono kichwani, kisha akauliza kama mawese arudi nayo.

Hakurudi nayo. Jumapili watu walikuja Kasingirima kama walivyoalikwa, wengine wakiwa na khanga za msiba, wakakuta ngoma. Walikula maharage ya matanga kwa furaha, na shangazi alikalishwa mbele kama mama mzaa chema, akasimulia habari za Kiha cha Kasulu hadi wenye Kasulu wakaanza kununa. Wiki iliyofuata mwalimu alipanda meli ya kusini na ule mfuko. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkewe pale bandarini aliangalia viatu kwanza, akavigeuza, akakagua visigino, ndipo akamwangalia mume. Walirudi wote wanne, wakakaa Kasingirima hadi kwao kulipotulia, wakavuka kurudi.

Kuna jambo tulilogundua baadaye, na ndilo nililowaambia mkumbuke. Nilipata kuufungua ukurasa ule ule kwenye kompyuta ya ofisi moja yenye laini nzuri. Juu kabisa palikuwa na vitufe vya kuchagua lugha, vimepangwa vizuri, Kiswahili kikiwemo. Lakini vitufe vile vilikuwa picha. Kwenye vioo vyetu vya Mwanga, mahali pake palikuwa na neno moja tu kwenye mabano, la kuarifu kwamba hapo pana picha, na sisi kila siku tulilipita kwa dharau. Nilimweleza, nikitegemea atanywea. Alifikiri kidogo, akasema, "Miye nilizima picha, nikazima na mke wangu." Halafu picha hakuziwasha. Alichofanya ni kupitia mashine zote, akaweka Kiswahili mbele, Kifaransa pili, Kiingereza nyuma, na akatia alama mahali pa kuhifadhi, kwa sababu bila alama ile mashine ikizimwa inasahau kila ulichoiambia. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alipouliza kwa nini kompyuta za hapa zinaleta Kiswahili, alimjibu kwamba wanaoingia humu ndiyo lugha wanayolilia.

Nimekuwa nikiitafuna kauli ile wiki nzima hii. Miaka ile ya kambi tuliona mabango ya maji salama yameandikwa kwa lugha ambayo mwenye ndoo hakuijua, na tukajiambia ni mambo ya dharura. Dharura imekwisha, mabango yako palepale. Leo kila mtu ana simu, na simu yenyewe inajua Kiswahili, wala haihitaji *ki*; lakini kijana akinunua simu Mwanga jambo la kwanza ni kuiweka Kiingereza ili asionekane wa shamba, halafu anashindwa kumwonyesha mama yake namna ya kufuta ujumbe. Zahanati inamtumia mjamzito taarifa asiyoweza kuisoma, kisha inamwandika kwamba hakuitikia. Tunawatafuta watu wetu kwa Kifaransa, mabibi na mabwana, na tusipowapata tunawawekea matanga. Nina hasira na jambo hili, na sioni haya kuwa nayo. Ukitaka kumpata mtu, mwite kwa lugha ambayo yeye angekuita wewe akiwa na shida. Hilo ndilo nililojifunza kwa mwalimu wa Kifaransa, na kwa shangazi wa mawese ambaye hakuwa na nia ya kumfundisha mtu kitu.

Jana jioni mjane alinipigia tena. Wamekwisha kumzika, watu walikuwa wengi, mvua ilingoja hadi wakamaliza. Akaniambia kwamba siku ya kuzika alivaa vile viatu vyekundu, wanawe wakimkataza kwa sababu vimechakaa na njia ya makaburini ni ya mawe. Nikamuuliza kama bado vinamtosha.

"Vinanibana sana," alisema. "Lakini yeye hakuuzisha."